Kupokea na Kuridhia: Maneno ya Kiingereza ya Ridhaa katika Maandishi ya Kila Siku ya Tanga na Pwani ya Kaskazini

Utangulizi

Mhadhara huu unahusu maneno machache na mafupi: okei, freshi, fiti, tiki, na mengine ya ukoo huo. Ni maneno yenye asili ya Kiingereza ambayo wakazi wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, sawa na Waswahili wa kwingineko, huyaandika kila siku wanapotaka kuonyesha kwamba jambo limewafikia, limewapendeza au limekubalika. Hayapatikani kwa wingi katika riwaya wala katika tenzi. Hupatikana katika ujumbe wa simu, katika kikaratasi anachotumwa nacho mtoto dukani, pembezoni mwa daftari la mwanafunzi na katika jalada la ofisini. Maandishi ya namna hii hayahifadhiwi. Husomwa, hutimiza kazi yake, kisha yakafutwa au yakafungiwa karanga.

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu maneno ya Kiingereza katika Kiswahili umekuwa mjadala wa usafi: je, Kiswahili kinaharibiwa au kinatajirishwa? Swali hilo limekwisha kuulizwa na kujibiwa mara nyingi, nalo halina faida kubwa hapa. Swali lenye uzito ni jingine. Mtu anapopokea ujumbe wa kuuziwa shamba, wa kuombwa mkopo au wa kumposa bintiye, akajibu kwa herufi mbili tu, OK, amefanya tendo gani? Amesema kwamba ujumbe umefika? Amesema kwamba ameuelewa? Au amesema kwamba ameridhia? Waswahili wa pwani ya kaskazini walikuwa na njia ya kuyatenga matendo hayo matatu katika maandishi. Neno OK limeyaunganisha, na halikufanya hivyo kwa ugeni wake, bali kwa umbo lake na kwa njia liliyoingilia.

Hazina iliyokuwapo

Haifai kuanza na dhana kwamba Kiingereza kilikuta pengo. Msemaji wa Kimrima au wa Kimtang'ata aliyeishi kabla ya ukoloni alikuwa na akiba kubwa ya maneno ya ridhaa, na kila neno lilikuwa na mahali pake. Naam lilikuwa la kuitikia wito na la kuthibitisha. Ewaa lilimpa moyo msemaji aendelee. Taibu lilifunga shauri kwa upole. Swadakta lilikubali ukweli wa maneno ya mwingine, nalo lina historia ya kupendeza: kwa Kiarabu ni kitenzi kamili chenye nafsi ya pili ndani yake, "umesema kweli", lakini Waswahili walilipokea likiwa zima kama jiwe, wasilinyambue. Barabara na sawa yalisema kwamba vitu viwili vimelingana. Inshallah liliahidi na papo hapo likaiweka ahadi mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Marahaba lilikuwa, na lingali, ridhaa ya mkubwa kwa mdogo peke yake. Haya lilikubali, ingawa aghalabu kwa kinyongo.

Maneno mengi kati ya hayo ni ya kukopa: naam, taibu, swadakta na sawa ni ya Kiarabu, barabara lina asili ya Kiajemi na lilipitia Bara Hindi. Hata vitenzi ambavyo leo vinahesabiwa kuwa Kiswahili cha sandukuni, yaani kubali, ridhia, afiki na idhinisha, vyote vina mizizi ya Kiarabu. Kiswahili chenye asili ya Kibantu kina itikia, kina ndiyo, kina vema. Anayelalamika kwamba okei ni neno la kigeni atapata taabu kuandika lalamiko lake bila kutumia neno jingine la kigeni lenye maana ileile. Inaelekea kwamba jamii za pwani ziliichukua lugha ya makubaliano kutoka kule zilikochukua sheria, dini na biashara, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa makubaliano huhitajika hasa pale watu wasiofahamiana wanapokutana sokoni au mbele ya kadhi.

Jambo lililo muhimu zaidi ni namna maneno hayo yalivyopangwa katika maandishi. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambazo C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wake mwaka 1892, zilifuata utaratibu uliojulikana na kila mwandishi wa pwani. Baada ya salamu na kujuliana hali, mwandishi alitaja kwanza kwamba waraka umewasili. Kisha alitaja kwamba yaliyomo ameyafahamu. Ndipo alipotoa jibu lenyewe: ameridhia, hakuridhia, au anaomba muda. Msomaji wa leo huweza kuyaona maneno hayo ya mwanzo kuwa mapambo ya bure. Sivyo. Yalimwezesha mtu kukiri kwamba amepokea bila kujifunga kwamba amekubali.

Utaratibu huo haujafa. Unaonekana waziwazi katika barua ya posa, ambayo katika familia nyingi za Tanga bado huandikwa, hutiwa katika bahasha na kupelekwa na wazee. Upande wa binti hupokea barua. Kuipokea si kuikubali. Watu huomba siku kadhaa, huulizana, humwuliza binti mwenyewe, na baadaye jibu hutoka likiwa na kitenzi chenye nafsi na njeo: tumeridhia, au hutoka udhuru wa heshima. Hata kijana ambaye hujibu kila kitu kwa OK hatarajii wazee wa upande wa pili wamjibu posa kwa OK. Analijua neno hilo, na anajua pia kwamba hapo halifai.

Kalamu ya Mdachi na kalamu ya Mwingereza

Wajerumani waliitawala Tanga kwa takribani robo karne. Walijenga hapo shule ya serikali katika miaka ya 1890, walianza kutandika reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilitolewa katika mji huohuo kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Waliacha shule na hela katika msamiati wa Waswahili. Hawakuacha neno la ridhaa hata moja lililodumu katika Kiswahili cha kawaida.

Sababu iko katika namna kalamu ilivyotumika. Utawala wa Kijerumani uliendesha wilaya kwa Kiswahili: akida na karani waliandikiwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili. Amri ilishuka kwa Kiswahili na kibali kilitolewa kwa Kiswahili. Waingereza, walioiteka Tanga mwezi Julai 1916, waliendelea kutumia Kiswahili katika ngazi za chini, lakini ngazi za juu zilikuwa za Kiingereza, na ngazi za juu ndizo zinazoridhia. Karani aliandika ombi. Jibu lilirudi likiwa na neno moja la Kiingereza, sahihi na tarehe. Hivyo kwa Waswahili wengi wa kizazi kile neno la Kiingereza la ridhaa lilikuwa la wino kabla ya kuwa la mdomo. Shaaban Robert mwenyewe, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa mmoja wa makarani hao, kwanza katika idara ya forodha huko Pangani na baadaye katika ofisi za Tanga mjini. Barua zake za miaka ya 1931 hadi 1958 kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, zilizochapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, ni miongoni mwa maandishi machache ya faragha ya eneo hili yaliyosalimika, na kila mtafiti wa maandishi ya kawaida ya pwani hana budi kuanzia hapo.

Inapasa kuwatendea haki Waingereza kwa jambo moja. Kiingereza cha ofisini hakikuchanganya kupokea na kuridhia. Mkubwa aliyesoma dokezo na kutaka lijulikane tu kwamba amelisoma aliandika "noted". Aliyetoa kibali aliandika "approved". Maneno mawili, matendo mawili. Baada ya serikali kuagiza mwaka 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, tofauti hiyo ilipata sura ya Kiswahili bila shida: nimeona kwa upande mmoja, naafiki au nimeidhinisha kwa upande mwingine. OK pia ilipenya katika majalada, ikiandikwa kwa haraka pembezoni mwa dokezo sabili, na hapo ndipo mtunza masijala anapopata kazi ya kukisia iwapo mkubwa ameona au ameidhinisha.

Shuleni mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kwa kuwa elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili na ya sekondari kwa Kiingereza, mtoto wa Tanga husifiwa kwa lugha mbili katika maisha yake ya daftari. Hadi darasa la saba mwalimu humwandikia "vizuri sana" au "hongera". Kuanzia kidato cha kwanza sifa hubadilika lugha, ingawa mwanafunzi ni yuleyule na pengine uwezo wake katika somo umeshuka kwa sababu ya lugha hiyohiyo. Si ajabu basi kwamba sifa ya Kiingereza hubeba harufu ya daraja la juu.

Katikati ya hayo kuna kisa kimoja ambacho wanaleksikografia wangefaa kukitazama zaidi. Alama ndogo ya kusahihishia, ile inayofanana na mkia wa ndoana, Watanzania huiita vema. Ni kielezi cha Kibantu kilichogeuzwa kuwa jina la alama, naye mpiga kura huelekezwa aweke "alama ya vema" katika karatasi ya kura. Tiki lilikuja baadaye na sasa linashindana nalo, hasa kwa sababu tiki hunyambulika kwa urahisi: jina limetikiwa, sanduku halijatikiwa. Vema haliwezi kufanya hivyo. Huo ni mfano mzuri wa neno la kigeni kushinda kwa sarufi, wala si kwa fahari.

Neno hukaa penye kigoda chake

Waja leo waondoka leo, husema watu wa Tanga kuhusu mji wao. Maneno pia ni wageni, na si kila mgeni huondoka. Sifa za Kiingereza zinazojulikana na kila mwanafunzi wa sekondari ni nyingi, lakini zilizotoholewa na kuandikwa kwa tahajia ya Kiswahili ni chache. Kwa nini freshi na fiti yamekaa, ilhali sifa nyingine nzito zaidi zimebaki katika ripoti za shule?

Jibu hupatikana kwa kutazama picha ambazo Kiswahili hutumia kuonyesha kwamba jambo ni jema. Sawa na barabara ni picha ya usawa wa vitu. Safi ni picha ya maji au nguo isiyo na taka. Poa ni picha ya kitu kilichokuwa cha moto kikapoa. Shwari ni bahari isiyo na mawimbi, na kwa mvuvi wa Tongoni au Kigombe hilo ni suala la uhai. Hizo ni picha nne za hali ya nje, zinazoshikika kwa mkono au kuonekana kwa jicho: kulingana, kutakata, kupoa, kutulia. Freshi imeingia katika kigoda cha safi na poa. Fiti imeingia katika kigoda cha barabara, kwa maana zote mbili za Kiingereza: fundi wa mabomba husema kiungo kimefiti, na mgonjwa aliyepona huandika kwamba yuko fiti. Sifa za Kiingereza zinazotaja mshangao au ukuu wa jambo hazikupata kigoda, kwa sababu Kiswahili hakina mazoea ya kusema "naam" kwa picha ya mshangao.

Tabia ya kisarufi ya maneno hayo inathibitisha jambo hilo. Freshi, fiti na poa hufuata kiambishi cha mahali na hali, -ko: niko freshi, hayuko fiti, tuko poa. Maneno haya hueleza hali, hayatoi ahadi. Anayeulizwa "Mambo?" akajibu "Freshi" hajajifunga kwa lolote. Kwa hiyo, ingawa ndiyo huwakera zaidi walinzi wa lugha kwa sura yake ya kijiweni, kwa upande wa maana ni maneno yasiyo na madhara. Shida iko kwa neno lenye sura ya heshima zaidi.

Historia na sarufi ya OK

Watu wengi hudhani kwamba OK ilikuwa neno la mdomo lililofupishwa. Ilizaliwa katika maandishi. Utafiti wa Allen Walker Read, uliochapishwa katika miaka ya 1960, ulionyesha kwamba herufi hizo zilitokea katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, zikiwa kifupi cha mzaha cha maneno "oll korrect", yaani "yote sahihi" yaliyoharibiwa tahajia makusudi, kwa kuwa vifupi vya namna hiyo vilikuwa mtindo wa wakati ule. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, aliyetoka Kinderhook, walizitumia herufi hizo katika kampeni, na zikasambaa. Hivyo tangu kuzaliwa kwake OK ilisema kwamba jambo ni sahihi, halina kosa. Haikuwa ahadi.

Umbo lake ndilo linaloifanya ifae na ndilo linaloifanya iwe hatari. Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi nzima. Nimeikubali hueleza aliyekubali, wakati wa kukubali na kitu kilichokubaliwa, kwa kuwa kiambishi -i- hurejelea bei, barua au nyumba. Tutaikubali huahirisha. Ningeikubali huweka sharti. Sikuikubali hukana. OK haina nafsi, haina njeo, haina yambwa. Wala haijakubali kuwa kitenzi, tofauti na fiti, tiki, laiki na sapoti, ambayo yote husikika katika kauli kama amelaiki au walinisapoti. Pengine ni kwa sababu ya ajali ya sauti: ikipewa viambishi, neno hugongana na kuoka mkate, waoke tayari ina maana yake jikoni.

Mtu anaweza kupinga kwamba sawa na haya pia hayana nafsi wala njeo. Ni kweli, lakini yana jamaa ya kuyategemeza. Sawa hukanushwa (si sawa), huwekwa katika wakati (itakuwa sawa), hulinganishwa (sawa na ile ya jana). Haya nayo hutegemea kiimbo, na masikio ya pwani huweza kutofautisha haya ya furaha, haya ya kuchoka na haya ya kufukuza mtu. Katika maandishi kiimbo hupotea, na haya iliyoandikwa peke yake husomwa kama hasira. Inaelekea hiyo ni sababu moja inayowafanya vijana waepuke haya na kuchukua OK: si kwa kupenda Kiingereza, bali kwa kukimbia kiimbo kisichoandikika.

Simu ya mkononi iliipa OK uwanja mpana. Ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160, nao ulilipiwa, na kila mtu alijifunza kufupisha. Utaratibu wa barua ya zamani, umewasili, nimefahamu, nimeridhia, ulikunjwa ukawa herufi mbili. Hapo OK ilikuwa na maana moja kubwa: ujumbe wako umefika. Kisha mitambo yenyewe ikachukua kazi hiyo. Tangu mwaka 2014 mtumiaji wa WhatsApp huona vitiki viwili vikigeuka kuwa vya buluu ujumbe wake unaposomwa. Na anayetuma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hupata ujumbe wenye neno "Imethibitishwa". Kuna kinaya kidogo hapa: mashine huthibitisha kwa Kiswahili kizuri chenye kauli ya kutendwa na njeo timilifu, na binadamu hujibu OK.

Matokeo yake hayajaangaliwa vya kutosha. Mashine ikishasema kwamba ujumbe umefika na umesomwa, OK ya binadamu inabaki bila kazi yake ya awali. Msomaji hujiuliza: kama vitiki vimekwisha kuniambia kwamba umesoma, OK yako inaniambia nini zaidi? Jibu la pekee linalobaki ni kwamba umeridhia. Hivyo maana ya neno inasukumwa kutoka kupokea kwenda kuridhia, bila anayeliandika kukusudia. Wenye umri mkubwa, waliojifunza OK wakati wa ujumbe wa kulipia, bado hulitumia kwa maana ya kupokea. Wadogo husoma kwa maana ya kuridhia. Mzazi na mtoto wanaweza kuandikiana neno moja kwa maana mbili, nyumba ileile ya Ngamiani.

Adabu ya jibu

OK haina nafsi, na Kiswahili cha pwani ya kaskazini hakipendi jibu lisilo na mtu ndani yake. Kijana anayemjibu shangazi kwa OK peke yake hakutukana, lakini amempa jibu ambalo angeweza kumpa mwenye duka au mtu asiyemjua. Sawa shangazi, haya mama, naam babu: jina la ukoo ndilo linalolifanya jibu kuwa jibu. Ndiyo maana vijana wenye malezi ya Kitanga, hata wakiandika okei, huliambatanisha: okei bibi, okei baba mdogo. Neno la Kiingereza limeruhusiwa kuingia ndani kwa sharti la kuvua viatu mlangoni.

Marahaba, kwa upande wake, halijapata mpinzani. Shikamoo huandikwa kwa vifupi vya kila namna, lakini jibu lake ni lilelile. Hakuna neno la Kiingereza lenye kueleza ridhaa inayoshuka kutoka kwa mkubwa tu, na pasipo na neno la kufanana nalo hapakopwi kitu.

Kipimo kingine ni kanga. Maandishi ya kanga husomwa na watu wengi, huvaliwa miaka, na hutolewa zawadi. Humo ridhaa, shukrani na pongezi hubaki za Kiswahili. Kanga hununuliwa kwa kusudi la kusema jambo kwa nafsi fulani kwa mtu fulani, hata kama jina halikutajwa. OK haiwezi kazi hiyo.

Machungwa na kitani

Chukulia mkulima wa machungwa wa Muheza anayemwandikia mnunuzi: "Kesho alfajiri nitakuwa na machungwa elfu tano, bei ileile ya wiki iliyopita." Mnunuzi anajibu: "OK." Mkulima analipa vibarua, machungwa yanachumwa usiku, na alfajiri mnunuzi hatokei kwa kuwa amepata ya bei nafuu kwingine. Mnunuzi anasema: nilikujulisha tu kwamba nimepata habari. Mkulima anasema: ulikubali. Kisa hiki ni cha kubuniwa, lakini hakuna mfanyabiashara wa eneo hilo atakayekiona kigeni, na chungwa lililochumwa halirudi mtini.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hutaka ukubali uwe kamili na usio na sharti, na uonyeshwe kwa njia iliyozoeleka na inayofaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo haikubali mkataba ukataliwe kwa sababu tu ulifanywa kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo kinachobaki ni swali la lugha: je, OK ni ukubali kamili, tena uliozoeleka?

Swali hilo limeulizwa mahakamani mbali na Tanga. Huko Saskatchewan, Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kuuza takriban tani 87 za mbegu za kitani, mwezi Machi 2021, akamtaka athibitishe. Mkulima alijibu kwa picha ya dole gumba lililoinuliwa. Mbegu hazikupelekwa. Mkulima alijitetea kwamba dole lile lilimaanisha tu kwamba mkataba umemfikia. Mnunuzi alidai kwamba lilimaanisha umekubaliwa. Mwezi Juni 2023 mahakama iliamua kwamba lilikuwa ukubali, ikaamuru fidia ya zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mahakama ya rufani iliunga mkono uamuzi huo Desemba 2024. Kilichomshinda mkulima hakikuwa dole peke yake. Huko nyuma alikuwa amejibu mikataba mingine kwa maneno mafupi, miongoni mwao "ok" na "yup", na kila mara akapeleka mazao. Mazoea yake yalikuwa yamelipa neno maana.

Wilaya za mkonge hazingekishangaa kisa hicho. Huko mashambani na barazani, asiyejua kuandika alitia dole gumba katika karatasi, na hakuna aliyethubutu kudai kwamba dole lile lilikuwa la kupokea tu. Tofauti ni kwamba dole la wino liliwekwa mbele ya shahidi, baada ya karatasi kusomwa kwa sauti.

Namna ya kuliingiza katika kamusi

Kwa mwanaleksikografia kazi iliyopo ni ya kawaida, ila inahitaji uangalifu. Kuiandika okei kama kisawe cha sawa ni kumpotosha msomaji. Kidahizo kinachofaa kingetenga matumizi mawili ya kisarufi: kwanza okei ya hali, inayofuata -ko (niko okei), na ambayo ni ndugu wa freshi na fiti, pili OK ya jibu, isiyo na nafsi. Hiyo ya pili igawanywe katika maana mbili, kwa mpangilio wa historia: (a) ya kukiri kwamba habari imefika, (b) ya kukubali pendekezo. Kila maana iwe na mfano wa sentensi, kwa kuwa hapa fasili bila mfano haisaidii: "OK, nimeiona, nitakujibu jioni" kwa ile ya kwanza, na "OK, yalete kesho" kwa ile ya pili. Maelezo ya rejesta yaongezwe kwamba kwa mkubwa neno huambatana na jina la ukoo au la cheo.

Mifano yenyewe haitapatikana kwa kukaa maktabani. Mkusanyo wa ujumbe wa simu, uliotolewa kwa hiari na kuondolewa majina na namba, kutoka kwa wachuuzi wa soko la Mgandini, wavuvi wa Pangani, walimu na wanafunzi wa Mkinga, ungeonyesha ni umri gani husoma OK kwa maana ya kwanza na ni umri gani husoma kwa maana ya pili. Ungeonyesha pia ni mara ngapi mwandishi, baada ya OK, huona haja ya kuongeza kitenzi. Dalili zilizopo zinaelekeza kwamba inapofika habari ya fedha nyingi, ardhi au ndoa, kitenzi hurudi: OK, nimekubali; OK, tumeridhia; OK, nimepokea, ila sijaamua.